Mafunzo ya vitendo nje ya nchi: Mwanafunzi wa veterinari huenda kujifunza nini, na mfugaji hunufaikaje?

Saa nane usiku katika kijiji cha wafugaji, ng'ombe ameshindwa kuzaa. Ndama amekaa vibaya tumboni, kichwa kimegeukia nyuma, na mwenye ng'ombe ameshika tochi huku akipiga hesabu moyoni. Ng'ombe huyo ndiye ada ya shule ya mwakani, ndiye maziwa ya watoto, na ndiye akiba ya kaya. Daktari wa mifugo anapofika, mfugaji haulizi alisoma chuo gani wala alipata alama ngapi. Analotaka kujua ni jambo moja tu: je, mkono huu umewahi kuifanya kazi hii?

Swali hilo la mfugaji ndilo msingi wa mafunzo ya vitendo katika taaluma ya veterinari duniani kote. Mwanafunzi anaweza kukariri majina ya mifupa yote ya ng'ombe, akaeleza kwa ufasaha namna vimelea vya ndigana kali vinavyoingia mwilini kupitia kupe, na bado akashindwa kumgeuza ndama tumboni. Ndiyo maana vyuo vya fani hii huwatoa wanafunzi madarasani na kuwapeleka mashambani, kwenye majosho, machinjioni na maabara. Baadhi yao huvuka mipaka na kupata sehemu ya mafunzo hayo katika nchi nyingine.

Makala haya yanaeleza asili ya utaratibu huo, mambo ambayo mwanafunzi hujifunza anapokuwa ugenini, masharti anayopaswa kuyafuata, na sababu zinazoifanya safari hiyo kumhusu pia mwananchi ambaye hatapanda ndege kwenda kokote.

Utaratibu ulioanzia Lyon

Shule ya kwanza ya veterinari ya zama hizi ilianzishwa na Claude Bourgelat katika mji wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761. Msukumo mkubwa ulikuwa ugonjwa wa sotoka, ambao wakati huo uliteketeza ng'ombe wengi barani Ulaya. Haukupita muda mrefu kabla ya wanafunzi wa shule hiyo kutumwa katika majimbo yaliyokumbwa na magonjwa ya mifugo ili washiriki katika udhibiti. Tangu mwanzo, basi, elimu ya tiba ya wanyama iliunganishwa na kazi halisi mahali penye ugonjwa.

Habari za shule hiyo zilipoenea, nchi nyingine zilipeleka vijana wao. Miongoni mwao alikuwemo Peter Christian Abildgaard kutoka Denmark na Peter Hernquist kutoka Sweden, waliofika Lyon mwaka 1763. Wote wawili walirudi makwao. Abildgaard alianzisha shule ya veterinari mjini Copenhagen mwaka 1773, na Hernquist akaanzisha nyingine mjini Skara, Sweden, mwaka 1775.

Historia hiyo ina funzo ambalo halijapitwa na wakati. Nchi hizo mbili hazikuwatuma vijana wao Lyon ili wapate sifa ya kusoma ugenini. Ziliwatuma wakachukue ujuzi na kuurudisha, na ujuzi huo ukageuka kuwa shule ambayo vijana waliofuata wangesoma bila kuondoka nyumbani. Kipimo cha safari ya mafunzo, tangu wakati huo, ni kile kinachobaki nyumbani msafiri anaporejea.

Tanzania nayo ilipitia njia hiyo

Tanzania inaifahamu njia hiyo kwa uzoefu wake yenyewe. Kati ya mwaka 1963 na 1970, Kenya, Uganda na Tanzania zilishirikiana katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na fani ziligawanywa baina ya vyuo vyake. Sheria ilifundishwa Dar es Salaam, udaktari wa binadamu Makerere, na veterinari Kabete, karibu na Nairobi. Kijana wa Kitanzania aliyetaka kuwa daktari wa mifugo alifunga safari kwenda Kabete.

Mwaka 1976 mafunzo ya shahada ya veterinari yalianza Morogoro, wakati huo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopewa jina la Hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki dunia mwezi Aprili mwaka huo. Leo shahada ya udaktari wa mifugo katika chuo hicho huchukua miaka 5, na wataalamu wake wanapatikana katika halmashauri, maabara, hifadhi za wanyamapori na sekta binafsi.

Katika kuijenga fani hiyo Morogoro, washirika wa nje walichangia, Denmark ikiwa mmoja wao. Hivyo, ujuzi uliotoka Lyon kwenda Copenhagen katika karne ya 18 ulifika pia kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru.

Leo nchi ina chuo chake, na swali limebadilika. Hapo zamani mwanafunzi alisafiri kwa sababu nyumbani hapakuwa na shule. Sasa anasafiri ili akaone yale ambayo mazingira ya nyumbani hayamwonyeshi mara kwa mara. Programu za kubadilishana wanafunzi ziko za aina kadhaa. Chama cha Kimataifa cha Wanafunzi wa Veterinari huratibu ziara za wanachama wake kutoka nchi moja hadi nyingine. Umoja wa Ulaya, kupitia mpango wa Erasmus+, umefungua nafasi kwa wanafunzi wa vyuo vilivyo nje ya Ulaya tangu mwaka 2015. Aidha, vyuo huingia mikataba ya ushirikiano vyenyewe kwa vyenyewe.

Ugenini hujifunza nini?

Wengi hudhani kuwa mwanafunzi anayekwenda Ulaya hufuata mashine za kisasa. Ni kweli kwamba atakutana nazo. Katika mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya kaskazini mwa Ulaya ataona vifaa vya ultrasaundi vikitumika kupima mimba, mitambo ya kukamua inayorekodi maziwa ya kila ng'ombe, na maabara zinazotoa majibu kwa muda mfupi. Atakutana pia na maradhi ya ng'ombe wanaotoa maziwa mengi, kama vile homa ya maziwa inayotokana na upungufu wa madini ya kalisi baada ya kuzaa, na kuhama kwa tumbo la nne. Huyo ni mgonjwa tofauti na zebu wa malisho ya Dodoma au Shinyanga.

Hata hivyo, mashine haibebwi kwenye begi. Kinachobebeka ni utaratibu wa kazi, na mara nyingi ndicho chenye thamani kubwa zaidi.

Mfano mzuri ni matumizi ya viuavijasumu nchini Denmark. Mwaka 1995 nchi hiyo iliweka masharti yaliyobana faida ambayo daktari wa wanyama angeipata kwa kuuza dawa hizo, na mwaka huohuo ikaanzisha mfumo wa kufuatilia matumizi ya viuavijasumu na usugu wa vimelea kwa wanyama na binadamu kwa pamoja. Sababu iko wazi. Daktari anayelipwa kwa kuuza chupa nyingi ana kishawishi cha kuuza chupa nyingi. Kishawishi hicho kikiondolewa, hubaki kulipwa kwa ushauri na uchunguzi wake. Umoja wa Ulaya nao ulikataza kuanzia Januari 1, 2006 matumizi ya viuavijasumu kama kichocheo cha ukuaji wa mifugo.

Mwanafunzi anayekaa miezi michache katika mazingira hayo huzoea kuchukua sampuli ya maziwa kabla ya kutibu ugonjwa wa kiwele, kuandika dawa aliyotoa na kipimo chake, na kumweleza mfugaji siku ambazo maziwa hayapaswi kuuzwa. Mambo hayo hayahitaji jengo la ghorofa. Yanahitaji daftari, kalamu na nidhamu, na yanawezekana Kiteto kama yanavyowezekana Copenhagen.

Jambo la pili ni wingi wa kazi za mikono. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi mwanafunzi wa veterinari alitakiwa kukamilisha wiki 38 za mafunzo nje ya chuo kabla ya kuhitimu, yaani wiki 12 za kazi za ufugaji na wiki 26 za kazi za tiba. Mgawanyo huo una hekima yake. Mwanafunzi huanza kwa kulisha, kukamua, kusafisha banda na kuwashika wanyama, kwa kuwa asiyejua maisha ya mnyama mzima hawezi kumtambua mgonjwa.

Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoanzishwa mwaka 1924, nalo limetoa mwongozo kuhusu umahiri ambao mhitimu anapaswa kuwa nao tangu siku ya kwanza kazini. Mwongozo huo wa mwaka 2012 unagusa magonjwa yanayovuka mipaka, magonjwa yanayoambukiza kutoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, usafi wa chakula, na sheria. Kwa mujibu wa shirika hilo, takriban asilimia 60 ya magonjwa ya kuambukiza ya binadamu yanayofahamika yana asili ya wanyama. Kwa sababu hiyo, mkono wa daktari wa mifugo unalinda pia afya ya aliye mbali na zizi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ujuzi husafiri kutoka kaskazini kuja kusini tu. Kwa magonjwa kadhaa makubwa ya mifugo, Afrika Mashariki ndiyo darasa, na wataalamu wa Ulaya ndio wanafunzi.

Mwezi Februari 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uligunduliwa nchini Uingereza. Mlipuko mkubwa uliotangulia ulikuwa wa mwaka 1967–68, hivyo madaktari wengi waliokuwa kazini walikuwa hawajawahi kuuona ugonjwa huo kwa macho yao. Kabla ya kudhibitiwa, wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa. Madaktari waliitwa kutoka nchi nyingine kusaidia, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho walishirikishwa. Ilidhihirika kwamba nchi inaweza kuwa na vitabu vyote na maabara bora, lakini ikakosa watu wanaoutambua ugonjwa wanapomtazama ng'ombe anayechechemea na kutoa udenda.

Kutokana na hali hiyo, Kamisheni ya Ulaya ya kudhibiti ugonjwa huo, iliyo chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, imekuwa ikiwapeleka madaktari wa Ulaya kujifunza katika nchi ambako ugonjwa huo upo, Kenya ikiwa miongoni mwazo. Huko humchunguza mnyama mgonjwa, hukadiria umri wa malengelenge mdomoni, huchukua sampuli na kuuliza maswali ya kufuatilia chanzo cha maambukizi. Wenyeji wao ni wafugaji na madaktari wa Afrika Mashariki, ambao kwao ugonjwa huo si picha ya kitabuni.

Mfano mwingine ni wa Walter Plowright, daktari wa mifugo kutoka Uingereza aliyefanya kazi Muguga, Kenya. Akiwa huko, yeye na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kutumika katika nchi nyingi. Ugonjwa huo, ambao katika miaka ya 1890 uliangamiza mifugo ya Afrika Mashariki na kuwaacha wafugaji katika njaa, ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Sotoka ni ugonjwa wa pili katika historia kutokomezwa duniani baada ya ndui. Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Mgeni alikuja, na mwenyeji akapona; lakini ni kweli pia kwamba bila ng'ombe, mazingira na wataalamu wa Afrika Mashariki, mgeni huyo asingeifanya kazi hiyo.

Kwa hiyo, chuo cha Afrika Mashariki kinapozungumza na chuo cha nje kuhusu kubadilishana wanafunzi, hakiombi msaada pekee. Kina kitu cha kutoa: kimeta, ndigana kali, nagana, Homa ya Bonde la Ufa, homa ya mapafu ya ng'ombe, na wataalamu wanaoyafahamu magonjwa hayo kwa kuyashika. Ushirikiano wenye haki ni ule ambao mwanafunzi wa Morogoro anapata nafasi ya kwenda kama mwenzake anavyopata nafasi ya kuja.

Masharti yanayolinda mifugo na watu

Mafunzo ya vitendo yana hatari zake, na masharti yaliyopo yamewekwa kwa sababu hiyo.

Sharti la kwanza ni usimamizi. Mwanafunzi si daktari. Nchini Tanzania, Sheria ya Veterinari, Sura ya 319, inataka mtoa huduma awe anatambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania kulingana na kiwango cha taaluma yake. Nchi nyingine zina sheria zenye lengo kama hilo. Uingereza, kwa mfano, huruhusu mwanafunzi kufanya baadhi ya kazi za tiba chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Kanuni hiyo humlinda mnyama, mfugaji na mwanafunzi mwenyewe. Mgeni kutoka nje hapaswi kumfanyia mnyama wa kijijini kazi ambayo nchini kwake asingeruhusiwa kuifanya. Ng'ombe wa mfugaji maskini si kifaa cha majaribio.

Sharti la pili ni kuzuia kusafirisha magonjwa. Kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo huweza kubebwa kwenye viatu, nguo na vifaa, na hata kukaa kwa muda mfupi katika pua na koo la mtu aliyemhudumia mnyama mgonjwa bila mtu huyo kuugua. Kwa hiyo, mwanafunzi anayetoka eneo lenye ugonjwa hutakiwa kuosha na kutakasa viatu na vifaa, kuacha nguo za kazi, kukaa siku kadhaa bila kukaribia mifugo, na kutoa taarifa ya kweli anapoulizwa mpakani kama alitembelea shamba. Anayeficha ili asicheleweshwe uwanja wa ndege anahatarisha mifugo ya nchi nzima.

Sharti la tatu ni afya ya mwanafunzi. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo huwa hauna tiba. Mwanafunzi anayekwenda kushika mbwa, iwe ni katika kampeni ya chanjo kijijini au katika hospitali ya wanyama, anapaswa kupata chanjo ya kinga kabla, na kujua hatua za kuchukua akiumwa: kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya bila kuchelewa.

Sharti la nne linahusu sampuli na tafiti. Damu, tishu au vimelea havibebwi mkobani kama zawadi ya safari. Kuvisafirisha kunahitaji vibali vya mamlaka za nchi zote mbili. Mgeni anayetaka kufanya utafiti nchini hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na anayetafiti wanyamapori huhusika pia na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI.

Anaporejea nyumbani

Ugumu mkubwa huanza baada ya safari. Mwanafunzi aliyezoea kupata majibu ya maabara kwa haraka hurejea mahali ambapo sampuli husafiri umbali mrefu kabla ya kupimwa. Aliyezoea ng'ombe aliyefungwa zizini hukutana na kundi linalohama kufuata malisho na maji. Wapo wanaokata tamaa, na wapo wanaotafuta njia ya kurudi walikotoka. Wakifanya hivyo, nchi hupoteza mtaalamu ambaye imemgharamia kwa miaka mingi.

Wanaofanikiwa ni wale wanaotenganisha chombo na kanuni. Ultrasaundi isipokuwepo, mimba hupimwa kwa mkono, na mkono huo hupata umahiri kwa kurudia. Kompyuta ya shamba isipokuwepo, daftari la mfugaji hutunza kumbukumbu za chanjo, uhimilishaji na matibabu. Chanjo ya mdondo wa kuku ya aina ya I-2 ni kielelezo cha kanuni hiyo. Mbegu yake ilitokana na utafiti uliofanyika Australia, lakini sifa iliyozingatiwa ni kustahimili joto, ili itumike vijijini ambako majokofu ni machache. Chanjo hiyo imezalishwa hapa nchini, Temeke, Dar es Salaam. Ujuzi wa nje ulipata kazi kwa sababu ulifikiriwa kwa kuzingatia kuku wa kienyeji na banda lake.

Vilevile, vyuo vinapaswa kuipa safari hiyo mwendelezo. Mwanafunzi anaporudi bila kutakiwa kuandika taarifa, kuwafundisha wenzake au kuwaonyesha walimu alichojifunza, faida hubaki kwake peke yake. Akitakiwa kufanya hayo, safari ya mtu mmoja huwa somo la darasa zima.

Mwananchi azingatie nini?

Kwa mzazi na mwanafunzi, ni muhimu kuhakikisha kuwa nafasi ya mafunzo inatambuliwa na chuo anachosoma, kuna makubaliano ya maandishi, msimamizi anafahamika, bima ya afya ipo, na viza inaendana na lengo la safari. Mtu anayedai fedha ili atoe nafasi ya mafunzo nje ya nchi bila chuo kumfahamu ni wa kutiliwa shaka. Anayekwenda kusoma shahada nzima ugenini anapaswa kuwasiliana mapema na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ili ajue kama tuzo yake itatambuliwa atakaporejea.

Kwa mfugaji, ana haki ya kuuliza. Wanafunzi wakifika zizini, wawe wa nchini au wa nje, anaweza kumuuliza daktari anayewasimamia ni nani, mnyama atafanyiwa nini, na dawa itakayotumika inahitaji kusubiri siku ngapi kabla ya kuuza maziwa au nyama. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni sehemu ya mafunzo yenyewe, kwa sababu daktari asiyeweza kumweleza mfugaji kwa lugha rahisi bado hajahitimu.

Tembea uone, walinena wahenga. Lakini kwa mwanafunzi wa veterinari kuona hakutoshi. Ni lazima ashike, akosee mbele ya msimamizi anayemsahihisha, arudie, kisha arudi nyumbani. Pale ambapo tochi inawaka usiku na ndama hajatoka, hakuna atakayeuliza alijifunzia Morogoro, Kabete au Copenhagen. Mfugaji atakumbuka tu kwamba ng'ombe wake alisimama asubuhi, na ndama akanyonya.